Laptopu ya kusomea grafiksi kwa laki tisa: jibu kwa mama wa Tandahimba

Swali: "Binti yangu amepata nafasi ya kusomea grafiksi mjini Mtwara, anaanza mwezi ujao. Malipo ya korosho yameingia na nimetenga shilingi 900,000 za kompyuta. Mpwa wangu aliyeko Dar amenitumia picha tatu kutoka Kariakoo: laptopu ya Core i7-7500U, MacBook Air ya 2017, na nyingine mpya kabisa kwenye boksi, imeandikwa Celeron N4020. Fundi wa hapa kwetu yeye anasema ninunue ya mezani kwa kuwa ina nguvu zaidi. Mimi kompyuta sizijui. Nichukue ipi?"

Shikamoo mama, na hongera kwa nafasi ya binti. Katika hizo tatu usichukue hata moja. Laki tisa yako inatosha kupata mashine itakayomfikisha mwisho wa masomo, ila itakuwa mtumba uliotoka ofisini, na lazima mtu aikague kabla hela haijatoka mkononi. Nikianza kutaja vipimo, mpe binti asome mwenyewe, au mtumie mpwa wako, maana ndiye atakayesimama dukani.

Hiyo mpya ya kwenye boksi ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu upya wake unavutia. Celeron N4020 ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yenye kori (vitengo vya kufanyia kazi) mbili tu. Laptopu za aina hiyo mara nyingi huja na RAM, kumbukumbu ya kazi inayoendelea, ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, haiongezeki, na hifadhi ya GB 64 ambayo Windows peke yake huimaliza karibu nusu. Photoshop, programu ya picha ya kampuni ya Adobe, inataka RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini, na Adobe wenyewe wanapendekeza GB 16. Kwa kuandika barua na kutazama video inafaa. Kwa kazi za binti itamkwamisha tangu wiki za mwanzo, na hakuna fundi atakayeweza kuiongezea chochote.

Ile Core i7 inadanganya kwa jina. Watu wengi huangalia i5 au i7 wakaishia hapo, wakati cha kuangalia kwanza ni kizazi, na kizazi kimo kwenye namba inayofuata. i7-7500U ni kizazi cha 7. i5-8250U ni cha 8. i5-10310U ni cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11. Kwenye laptopu za ofisini, kati ya kizazi cha 7 na cha 8 Intel waliongeza kori kutoka mbili hadi nne kwa prosesa hizi zenye herufi U. Kwa hiyo i5-8250U ina kori nne na inaizidi i7-7500U yenye mbili, ingawa muuzaji atataka hela zaidi kwa ajili ya jina la i7. Kuna sababu nyingine nzito: Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache sana, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukinunua kizazi cha 7 leo, unanunua mashine ambayo mlango wa mbele umeshafungwa.

MacBook Air ya 2017 jina lake ni la 2017 lakini prosesa yake ni ya kizazi cha 5, kori mbili. RAM ni GB 8 iliyochomelewa. Mfumo wake wa macOS uliishia kwenye toleo la Monterey, na matoleo mapya ya programu za usanifu yanazidi kudai mfumo mpya zaidi. Kibaya zaidi kwa mchoraji ni kioo chake: pikseli 1440 kwa 900, aina ya TN, ambayo rangi hugeuka ukiinamisha kichwa kidogo tu. MacBook Air ya M1 iliyotoka mwaka 2020 ni mashine nzuri kweli, lakini ukiiona inauzwa laki tisa, tahadhari sana. Nyingine zimefungwa na iCloud, akaunti ya Apple, ya mwenyewe wa kwanza, au bado ziko chini ya usimamizi wa kampuni iliyozinunua, na hakuna ujanja wa halali wa kuzifungua.

Fundi wenu hajakosea. Kwa shilingi ileile, ya mezani hukupa nguvu zaidi: Dell OptiPlex 5060 au HP EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500 ina kori sita. Tatizo ni maisha ya mwanafunzi. Umeme ukikatika, kazi aliyokuwa hajaihifadhi inapotea, kwa hivyo lazima ununue na UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme, na UPS ndogo ya 650VA humpa dakika chache tu za kuhifadhi na kuzima. Halafu kuna kioo, kibodi, na kuhama nayo hosteli kila likizo. Kazi za darasani pia hukaguliwa darasani. Kama binti angekaa nyumbani muda wote ningekubaliana na fundi. Kwa anayekaa hosteli, chukua laptopu.

Sasa tuone kazi yenyewe inataka nini. Ukurasa wa A3 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) una pikseli 3508 kwa 4961, yaani kama milioni 17.4. Kwenye CMYK, mfumo wa rangi za kuchapia, kila pikseli inachukua baiti 4, hivyo leya moja (tabaka moja la picha) iliyojaa ni karibu MB 70. Bango la kawaida la mwanafunzi lina leya 20: hapo ni GB 1.4, na bado hujahesabu kumbukumbu ya hatua za kurudi nyuma, Windows yenyewe, kivinjari chenye kurasa kumi za mifano, na Illustrator, programu ya Adobe ya kuchorea nembo, iliyofunguliwa pembeni. RAM ya GB 8 inajaa. Ikijaa, Photoshop huanza kuandika kwenye diski, na hapo ndipo aina ya diski inapoonekana. Kama ni SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kazi inapungua kasi kidogo. Kama ni diski ya kuzunguka ya kizamani, mashine inaganda, mwanafunzi anaizima kwa kubonyeza kitufe, na faili linaharibika. Kwa hiyo SSD haina mjadala, GB 256 kwa uchache, na kila wakati aache nafasi wazi ya GB 50 hivi.

Kadi ya grafiki ya pekee haihitajiki kwa nembo, vipeperushi, kadi za michango na vifungashio. Ile ya ndani ya prosesa inatosha. Kozi yake ikiwa na masomo mengi ya 3D au kuhariri video, hapo hesabu hubadilika na laki tisa inakuwa finyu. Aulize chuoni kabla ya kununua, na aulize pia wanafundishia programu gani.

Mashine za kutafuta ni hizi: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au G6, na Dell Latitude 5490 au 5400. Zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, ndiyo maana zimejaa kwenye mtumba. Ninazipenda kwa sababu zina nafasi mbili za RAM zinazofunguka kwa bisibisi, na vipuri vyake mafundi wanavijua. Unaweza kununua yenye GB 8 sasa, ukaongeza kipande kingine cha GB 8 DDR4 baada ya muhula. Vipande viwili vinavyolingana vinaisaidia pia grafiki ya ndani, kwa sababu haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM ya mashine. Jihadharini na ndugu wa karibu wa mashine hizi: T490 ina RAM iliyochomelewa na nafasi moja tu ya kuongeza, na X1 Carbon imechomelewa yote. Nyembamba ni nzuri kubeba, lakini ulichonunua ndicho utakachobaki nacho.

Katika hizo, kwa mazingira yetu ya umeme kukatika, mimi ningeanza kutafuta T480. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomolewa kwa kidole. Ya nje ikichoka mnanunua nyingine na kuibadilisha bila fundi. Ina ugonjwa wake mmoja wa kuujua: tundu la USB-C inalochajia liliwahi kuwa na hitilafu ya programu ya ndani ambayo ikiachwa inaweza kuliua tundu. Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha. Dukani chomeka chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C moja baada ya jingine uone kama yote yanachaji, na ukifika nyumbani weka masasisho yote ya Lenovo kabla ya kitu kingine. Kwa Dell, angalia ikiwaka kama inaandika kwamba haiitambui chaja. Dell isiyoitambua chaja yake hukataa kuchaji betri na hupunguza kasi ya prosesa, na mtu anaweza kuilaumu mashine mwaka mzima kumbe ni pini nyembamba ya katikati iliyopinda.

Kioo ndicho kitu ambacho wauzaji hawakitaji na wanunuzi hawakiulizi, na kwa mwanafunzi wa grafiksi ndicho macho yake. Mashine hizohizo ziliuzwa na vioo tofauti. Ipo T480 na ipo Latitude 5490 yenye kioo cha TN cha pikseli 1366 kwa 768, na ipo yenye IPS, aina ya kioo kisichogeuza rangi, ya 1920 kwa 1080. Kwa nje zinafanana. Ya kwanza usiichukue hata kwa punguzo, kwa sababu paneli za Photoshop zitakula nusu ya kioo na rangi za juu na za chini ya kioo hazitalingana. Namna ya kujua: bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye eneo tupu, ingia Display settings, usome ukubwa. Zima Night light kama imewashwa, maana inaficha kasoro kwa rangi ya njano. Fungua picha ya uso wa mtu mweusi, weka mwanga juu kabisa, kisha ulaze kioo nyuma polepole. Kwenye IPS uso unabaki uleule, unafifia kidogo tu. Kwenye TN ngozi inageuka kijivu, na vivuli vinakuwa kama picha iliyopinduliwa. Baadaye fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo chote, utafute madoa ya njano, mistari, na vidoa vyeupe vinavyotokana na kioo kubanwa kwenye begi.

Hata IPS nyingi za ofisini hazionyeshi rangi zote. Zile za msingi hufikia kama theluthi mbili ya sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za kioo, hivyo nyekundu huonekana imepauka. Mwanafunzi asiyejua huiongeza nyekundu mpaka kioo kimridhishe, akipeleka kuchapa inatoka kali kupita kiasi. Dawa ya muda ni kuzoea kusoma namba za CMYK badala ya kuamini jicho, na kuchapa sampuli ndogo ya A5 kabla ya kazi kubwa. Dawa ya kudumu ni kioo cha nje cha mtumba mwakani, kama Dell P2419H au U2412M, zote IPS. U2412M haina HDMI, ina DisplayPort, DVI na VGA, kwa hiyo mnunue na waya wake hapohapo.

Ukaguzi ufanyike dukani, usifanyike kwa picha za WhatsApp. Mpwa wako abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Inafunguka Task Manager, aingie Performance. Kwenye CPU asome jina kamili la prosesa na aone kori 4. Kwenye Memory asome ukubwa wa RAM na idadi ya nafasi zilizotumika: ikiandika 1 kati ya 2, kuna nafasi ya kuongeza. Kwenye Disk aone neno SSD. Kibandiko kilichobandikwa pembeni ya kibodi asikiamini, vinauzwa kivyake.

Kisha betri. Aandike cmd kwenye sehemu ya kutafuta, afungue, aandike powercfg /batteryreport na kubonyeza Enter. Mashine itatengeneza ripoti na kuonyesha ilipohifadhiwa. Alinganishe namba mbili: DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wake leo. Kama ya pili iko chini ya asilimia 60 ya ile ya kwanza, ombeni betri nyingine au punguzo linalotosha kuinunua. Kwa afya ya diski aende na fleshi yenye CrystalDiskInfo, inafunguka bila kusakinishwa. Neno Caution au Bad maana yake aikatae diski hiyo.

Kuna kufuli mbili za kuangalia kwa sababu mashine hizi zilikuwa za makampuni. Azime, awashe akibonyeza F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell au F10 kwa HP. Ikiomba nenosiri la BIOS, mipangilio ya msingi inayotangulia Windows, ambalo muuzaji halijui, aiache hapohapo. Ya pili ni kumwomba muuzaji aifute Windows upya na kuiunganisha na intaneti wakati inaanza. Ikitokea inadai barua pepe ya kampuni fulani, mashine bado iko kwenye orodha ya wenyewe na siku yoyote inaweza kujifunga. Amalizie kwa kubonyeza kila herufi ya kibodi, kujaribu kila tundu la USB, na kucheza video ya YouTube kwa dakika 15. Feni ikipiga kelele mfululizo na sehemu ya chini ikachoma mkono, ndani kuna vumbi na lile gundi la kupozea limekauka. Hilo linatengenezeka, ila lidai lifanywe kabla ya kulipa.

Kuhusu Kariakoo na Mtwara mjini: uliza bei kote. Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilometa 500, na laptopu ikifika na kasoro, nauli ya kuirudisha kwa basi, simu na siku za kusubiri zinakula lile punguzo. Kama tofauti ni elfu hamsini au sitini, nunua Mtwara mjini, binti aende dukani mwenyewe. Ikibidi itoke Dar, mpwa aikague, alipe, aifunge kwa sponji ndani ya boksi gumu, na ikiwezekana aje nayo mtu badala ya kuiweka kwenye buti la basi. Risiti iandikwe namba ya mashine, prosesa, RAM, diski na muda wa waranti. Risiti iliyoandikwa "laptop HP" tu haitakusaidia ukirudi kudai.

Usimalize laki tisa kwenye mashine. Weka ukomo wa laki saba. Zinazobaki ni za RAM, kipanya cha waya chenye gurudumu, kwa sababu kuchora nembo kwa padi ya vidole ni mateso, na kile kilinda umeme kinachowekwa kwenye friji, kinachokata umeme ukishuka au ukipanda na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Umeme unaporudi kwa kishindo ndipo chaja nyingi hufa. Kama bado kuna kitu kimebaki, ongeza diski ya nje. Kalamu ya kuchorea ya kidijitali isubiri mpaka mwalimu aidai.

Binti akiishi karibu na bahari, Shangani au Mikindani, chumvi ya hewa ni adui wa kweli. Huanza kwenye matundu: USB inaota ukoko wa kijani, chaja inashika na kuachia. Mashine inayotumika kila siku hujikausha kwa joto lake, inayolala kabatini wiki tatu ndiyo huharibika. Akiifunga kwa likizo aiweke kwenye begi pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na asiifunge kwenye mfuko wa nailoni ikiwa bado na joto. Asiitumie juu ya kitanda, kwa sababu godoro huziba matundu ya hewa ya chini na prosesa hupunguza kasi ili isiungue. Mara moja kwa mwaka fundi aifungue na kupuliza feni.

Mwisho ni programu. Photoshop na Illustrator za Adobe hulipiwa kila mwezi au mwaka, wanafunzi wana bei yao iliyopunguzwa, ila malipo hayo hayamo kwenye laki tisa yako. Zile za kupewa kwenye fleshi baada ya kuambiwa uzime ulinzi wa Windows ndizo njia kuu ya virusi kuingia, na virusi vya kufunga mafaili havijali kuwa kesho ni siku ya kukusanya kazi. Chuo kikiruhusu, aanze na Inkscape kwa nembo na michoro, Krita kwa kuchora kwa mkono, GIMP kwa picha, na Scribus kwa vitabu na majarida: zote ni za bure na zinafanya kazi bila intaneti. Affinity nayo sasa hutolewa bure, inataka tu kufungua akaunti ya Canva. Apakue zote siku moja akiwa na Wi-Fi ya chuo, bando lisiliwe. Na kila Ijumaa anakili kazi zake kwenye diski ya nje, kisha diski ikae mahali tofauti na laptopu, ili begi likiibwa au kulowa mvua visiende vyote pamoja.